Olenguruone: Mti wa kiasili hupimwa kabla ya ramani ya nyumba kuchorwa

MSAFIRI anayepanda kutoka Molo kupitia Keringet hadi Olenguruone, katika eneo la Kuresoi Kusini, Kaunti ya Nakuru, hukutana na jambo ambalo wenyeji wamelizoea kiasi cha kutolitaja tena. Katikati ya mashamba ya viazi, chai na malisho ya ng’ombe husimama miti ya kiasili, mmoja hapa, miwili kule, mirefu kuliko kila kitu kilichoizunguka. Kuna podo, mtarakwa, mzeituni mwitu, mwiri ambao Wakipsigis huuita tendwet, na silibwet. Hakuna aliyeipanda. Ni masalio ya msitu wa Mau uliofunika nyanda hizi kabla ya mashamba kukatwa.

Siku hizi miti hiyo inakabiliwa na jambo jingine lisilokuwa jembe. Mashamba yaliyo karibu na vituo vya biashara yanagawanywa kuwa ploti, na ploti zinajengwa nyumba za mawe, maduka na vyumba vya kukodisha. Mti uliovumilia shoka la mkulima kwa sababu ulimpa kivuli au mpaka wa shamba hauna nafasi kwenye ploti ya futi 50 kwa 100, isipokuwa mtu amekusudia kuupa nafasi hiyo.

Hasara huja kwa njia mbili. Ya kwanza huonekana na kila mtu: mti huangushwa siku moja kabla ya msingi kuchimbwa. Ya pili haionekani kwa urahisi, na pengine ndiyo mbaya zaidi. Mti huachwa umesimama, mwenye ploti husifiwa kwa kupenda mazingira, kisha baada ya miaka mitatu au minne majani hupukutika, matawi ya juu hukauka na mti uliokufa hubaki ukiinamia paa la mabati. Hapo hulazimika kukatwa kwa gharama kubwa, kwa kamba na kwa hofu. Mti wa namna hiyo uliuawa tangu siku ya ujenzi, chini ya ardhi, ila hapakuwa na mtu aliyetambua.

Ndiyo maana wataalamu wa fani hii hushikilia kanuni moja kuliko nyingine zote: miti ikaguliwe, ipimwe na kuandikwa kabla ya msanifu wa majengo kushika kalamu. Ramani ikishachorwa na kuidhinishwa, mti huwa kizuizi tu, na kizuizi huondolewa.

ARDHI YENYE KUMBUKUMBU YA AMRI

Kuzungumzia masharti ya ardhi Olenguruone kunahitaji uangalifu. Serikali ya kikoloni ilianzisha makazi hapo mwaka wa 1941 kwa ajili ya familia za Wakikuyu, nyingi kati yake zikiwa zimeondolewa katika ardhi ya Wamaasai. Familia hizo ziliamini kwamba zimepewa ardhi badala ya ile waliyoipoteza. Serikali, kwa upande wake, iliwahesabu kuwa wapangaji wenye masharti, na masharti yenyewe yalihusu namna ya kulima, mimea ya kupandwa na hata mtoto wa kurithi. Mengi yalitolewa kwa jina la kuhifadhi udongo. Watu walikataa, wakala kiapo cha umoja, na kufikia mwaka wa 1950 walikuwa wamefurushwa. Wengi walipelekwa Yatta, eneo kame lisilofanana hata kidogo na baridi ya Mau. Wanahistoria huuhesabu mgogoro huo miongoni mwa chimbuko la vuguvugu la Mau Mau.

Kumbukumbu za karibu zaidi nazo si tamu. Mwaka wa 2001 serikali ilitangaza katika gazeti rasmi kwamba sehemu kubwa za misitu nchini zimeondolewa katika hifadhi. Jopokazi la Mau lililotoa ripoti yake mwaka wa 2009 lilihesabu zaidi ya hekta 61,000 zilizomegwa katika Mau pekee mwaka huo. Watu waliuziwa au walipewa vipande, wakajenga, na mnamo Novemba 2009 familia za Mau ya Kusini Magharibi zikaanza kuondolewa. Kwa jamii ya Waogiek suala la nani ana haki ya kukaa msituni lilifika hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo mnamo Mei 2017 iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao.

Mambo haya yanahusiana na mti ulio kwenye ploti kwa sababu mbili. Kwanza, kadiri msitu wa hifadhi ulivyopungua, ndivyo miti iliyobaki kwenye ardhi ya watu binafsi ilivyozidi kuwa na thamani. Pili, mwenyeji wa Olenguruone akisikia kwamba afisa fulani anataka kuhesabu miti yake, swali lake la kwanza huwa iwapo shamba litafuata. Ukaguzi usioanza kwa kulijibu swali hilo waziwazi hauwezi kufaulu. Jibu ni kwamba kuandikisha mti hakumwondolei mwenye shamba hatimiliki wala mti wenyewe.

THAMANI YA MTI MMOJA

Husemwa mara nyingi, hasa kwenye majukwaa ya siasa, kwamba kila mti wa Mau unalisha mito. Hayo ni kutia chumvi. Mito ya Nyangores na Amala, ambayo hukutana na kuwa Mto Mara, pamoja na Kiptiget unaochangia maji ya Mto Sondu, hutegemea msitu mzima, udongo wake na mianzi yake, wala si podo mmoja nyuma ya duka.

Thamani ya mti mmoja iko kwingine. Podo na mtarakwa ni miti yenye jinsia: upo wa kiume na upo wa kike, na ni wa kike tu unaozaa mbegu. Mkaguzi asiyeliangalia hilo anaweza kupendekeza mti mnyoofu wa kiume uachwe na ule wa kike uliopinda ukatwe, na kwa kufanya hivyo akaimaliza mbegu ya kijiji kizima. Mbegu za mwiri nazo hazistahimili kuhifadhiwa kwa muda mrefu. Zisipopandwa mapema hupoteza uwezo wa kuota. Mwenye kitalu anayetaka miche ya mwiri anahitaji mti mzazi ulio karibu naye kila msimu. Zaidi ya hayo, mwiri umewekwa tangu miaka ya 1990 katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kwa sababu gome lake husakwa kwa ajili ya dawa ya tezi-kibofu inayouzwa Ulaya.

Serikali ilizindua mnamo Desemba 2022 mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032. Ni mpango mkubwa, lakini umezoesha watu hesabu moja isiyo sahihi: kwamba mti mmoja ukikatwa, miche kumi ikipandwa, deni limelipwa kwa ziada. Mche wa podo huhitaji miongo mingi kabla ya kufikia ukubwa wa mzazi wake, na ploti iliyojaa nyumba haina mahali pa kuukuza.

MILANGO YA SHERIA

Nchini Uingereza halmashauri ya mtaa inaweza kutoa amri ya kuhifadhi mti mmoja uliotajwa, na kuukata bila kibali huwa ni kosa. Kenya haikuweka ulinzi huo mahali pamoja. Umetawanyika katika sheria kadhaa, na anayetaka kuutumia hana budi kujua ni mlango upi ulio wazi kwa wakati upi.

Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 69, inaitaka serikali kujitahidi kufikia na kudumisha miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Kiwango hicho kilipitwa kitaifa: tathmini ya rasilimali za misitu ya mwaka wa 2021 iliweka eneo lenye miti kuwa asilimia 12.13, ingawa misitu yenyewe ilikuwa asilimia 8.83. Kanuni za mwaka wa 2009 kuhusu miti ya mashambani nazo ziliweka asilimia 10 kwa kila shamba la kilimo. Marufuku ya ukataji iliyotangazwa Februari 2018, ambayo Rais William Ruto alitangaza kuiondoa alipokuwa Molo mnamo Julai 2023, ilihusu misitu ya umma na ya jamii. Mti ulio kwenye ploti ya mtu haukuguswa nayo, ijapokuwa wengi walidhani hivyo.

Mlango wa mapema kabisa, na unaosahaulika, ni bodi ya ardhi. Shamba la kilimo haliwezi kugawanywa wala kuuzwa bila idhini ya bodi hiyo. Ni hapo ambapo mpimaji wa ardhi huweka alama za mipaka, na ni hapo ambapo kusogeza mstari mita tatu hakumgharimu mtu chochote. Mstari ukipita kwenye shina la mtarakwa, majirani wawili huwa wamerithishwa ugomvi.

Mlango wa pili ni kibali cha ujenzi. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka wa 2019 inamtaka kila mwendelezaji kupata kibali cha serikali ya kaunti kabla ya kuanza, na kaunti inaweza kutoa kibali hicho pamoja na masharti. Sharti la kuhifadhi mti uliotajwa na kuonyeshwa kwenye ramani linaweza kuingizwa hapo. Mtu asiyeridhika na uamuzi, awe mwombaji au mhusika mwingine, ana siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati ya kaunti ya usuluhishi wa mipango.

Kwa miradi mikubwa, upo mlango wa tatu: tathmini ya athari za mazingira chini ya sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999, inayosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA). Marekebisho ya mwaka wa 2019 yaliigawanya miradi kwa kiwango cha hatari: ya chini, ya wastani na ya juu. Nyumba ya familia moja kwa kawaida haifanyiwi tathmini kamili, na hapo ndipo pengo lilipo. Olenguruone haijengwi na miradi mikubwa. Inajengwa na nyumba mojamoja, na jumla yake haimo katika faili ya mtu yeyote.

Sheria hiyohiyo ya mwaka wa 1999 ina kifaa ambacho mawakili wachache hukitumia. Mahakama inaweza kuwekea kipande cha ardhi sharti la kuhifadhi mimea au maji yaliyomo, likaandikwa kwenye rekodi ya ardhi na kuwabana hata wanunuzi wa baadaye, huku mwenye ardhi akiwa na haki ya kudai fidia. Kwa mti ulio muhimu kwelikweli, kwa mfano ule ambao wazee hukutania chini yake, hiyo ni kinga imara kuliko tangazo lolote la mkutano wa hadhara.

Chini kabisa yupo chifu. Sheria ya Machifu humwezesha kutoa amri za kudhibiti ukataji wa miti katika eneo lake. Mwananchi hukutana na chifu mara nyingi zaidi kuliko anavyokutana na NEMA, na kwa kawaida chifu ndiye wa kwanza kusikia msumeno.

JINSI YA KUPIMA

Kazi yenyewe haihitaji mitambo. Utepe wa fundi cherehani, daftari na macho makini hutosha kwa sehemu kubwa yake. Kila mti wenye shina la unene wa sentimita 15 kwenda juu hupewa namba, jina, kimo cha kukadiria, upana wa matawi kwa pande nne, na hali ya afya. Kisha huwekwa kwenye ramani ya ploti mahali pake hasa.

Mkaguzi huanzia chini. Udongo uliopasuka au kuinuka upande mmoja wa shina huonyesha kwamba mizizi inaachia. Uyoga mgumu unaoota shinani ni dalili ya kuoza ndani, na mtarakwa wa Kenya unajulikana kwa kuoza moyo huku gome likionekana zima. Shina likigongwa kwa nyundo ya mbao likatoa mlio wa ngoma, lina uwazi. Mti uliokulia msituni, kisha wenzake wakakatwa na kuuacha peke yake, hupigwa na upepo ambao mizizi yake haikuuzoea. Huo hutazamwa kwa uangalifu wa pekee.

Kiwango cha Uingereza kiitwacho BS 5837, ambacho toleo lake la mwaka wa 2012 hufuatwa hata na wakaguzi wa nchi nyingine, huiweka miti katika madaraja kwa kuuliza itaishi kwa manufaa miaka mingapi zaidi: 40 au zaidi, angalau 20, angalau 10, au chini ya hapo. Wa daraja la mwisho huondolewa bila majuto. Mikaratusi iliyopandwa miaka minane iliyopita kando ya choo haihitaji mtetezi, na msaipresi uliopandwa kwa ajili ya mbao ukivunwa umetimiza kazi yake. Mkaguzi anayetaka kila mti uachwe huchosha watu, na siku ya kuutetea podo wa miaka 200 hakuna atakayemsikiliza.

Sehemu yenye uzito zaidi ya kiwango hicho ni hesabu ya mizizi. Kipenyo cha shina, kikipimwa mita 1.5 kutoka ardhini, huzidishwa kwa 12. Jawabu ndilo umbali kutoka shinani ambao haupaswi kuchimbwa, kukanyagwa na magari wala kumwagiwa vifaa. Asiyetaka kutafuta kipenyo anaweza kuuzungushia mti utepe na kuzidisha mzingo huo kwa karibu 4.

Mathalani, podo wenye mzingo wa sentimita 220 una kipenyo cha sentimita 70. Mara 12 ni mita 8.4. Duara la nusu kipenyo hicho lina mita mraba 222 hivi. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina mita mraba zipatazo 465. Kwa hiyo mti huo mmoja unadai karibu nusu ya ploti, na ukiwa katikati, duara lake linavuka mipaka na kuingia kwa majirani wa pande zote mbili, kwa kuwa upana wa ploti ni mita 15 na ushei tu. Mti wenye kipenyo cha sentimita 40, kwa upande mwingine, unadai mita mraba 72, ambazo ni chini ya sehemu moja ya sita. Huo unaweza kuishi na nyumba.

Hesabu hii ndiyo inayoeleza kwa nini ukaguzi baada ya kugawanya ploti huwa umechelewa. Shamba la ekari mbili lenye podo huyo linaweza kugawanywa mti ukaangukia kwenye kona ya njia au uwanja wa pamoja. Shamba hilohilo likikatwa kwa rula bila kuutazama, kuna mnunuzi atakayelipia ploti nzima na kupata nusu. Kumwambia huyo ahifadhi mti ni kumtwisha peke yake mzigo wa watu wote.

UDONGO NDIO UNAOUA

Watu wengi hudhani mizizi huzama chini kama mhogo. Kinyume chake, sehemu kubwa ya mizizi inayonyonya maji na chakula iko katika mita moja ya juu ya udongo, hasa sentimita 60 za kwanza, na huenea mbali kupita ncha za matawi. Udongo wa Olenguruone una asili ya volkano, ni mlaini na hupata mvua kwa sehemu kubwa ya mwaka. Lori la mawe likipita juu yake mara chache tu wakati umelowa, nafasi za hewa hufungika na mizizi hukosa pumzi.

Hivyo uzio wa kulinda mti hujengwa kabla ya lori la kwanza kufika. Fito na mabanzi yanatosha, mradi uzio uwe kwenye duara lililopimwa na usiwe umekumbatia shina. Ndani yake hakuna kuchanganya simiti, kurundika mchanga, kuwasha moto wa chai ya mafundi wala kufunga punda. Maji ya kuoshea karai za simiti hubadilisha udongo kuwa na chokaa nyingi. Kujaza udongo ili kusawazisha ploti ya mteremko, jambo la kawaida katika vilima hivi, hufunika mizizi na kuua kama kuichimba. Tingatinga ndilo adui mkubwa, kwa sababu dereva wake hulipwa kwa saa na hana muda wa kuuliza.

Panapokuwa hapana budi kujenga ndani ya duara, msingi wa mtaro mrefu unaweza kubadilishwa kuwa nguzo chache zilizochimbwa kwa mkono, na boriti la zege likapita juu ya ardhi. Mzizi mnene ukikutwa, nguzo husogezwa. Gharama huongezeka, na ni haki mwenye nyumba ajulishwe mapema badala ya kulipata jambo hilo kwa fundi katikati ya kazi.

Mfano unaojulikana zaidi nchini ni wa mugumo wa Waiyaki Way, Westlands, jijini Nairobi. Mwaka wa 2020, wakati wa kujenga barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka wa 2022, mti huo ulikuwa umepangiwa kung’olewa. Wananchi walilalamika, na mnamo Novemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitoa amri uachwe. Uliachwa, na wengi wakafurahi kwa haki. Lakini amri hiyo ilikuja baada ya ramani kukamilika na mitambo kufika, na miti mingine mingi kando ya barabara hiyo haikupata rais wa kuisemea.

Kwenye ploti ya Olenguruone hatari haishi nyumba inapoezekwa. Uzio huondolewa, mwenye nyumba huhamia, na ndipo huitwa kijana wa kuchimba shimo la maji taka na mwingine wa kupitisha bomba la maji hadi jikoni. Hao hawakuwapo ramani ilipojadiliwa, na njia fupi ya bomba karibu kila mara hupita chini ya mti. Ndiyo sababu mkaguzi mwangalifu huyaweka shimo na bomba kwenye ramani tangu siku ya kwanza, humwachia mwenye nyumba nakala, na hurudi kuutazama mti baada ya misimu miwili ya mvua, akianzia kwenye matawi ya juu kabisa, yale yanayokauka kwanza.